Shajara ya mradi: karatasi za kupima upande uliopotea

8 Januari. Tunapoanzia

Mzee aliyelazwa kitanda cha pili kutoka mlangoni alikuwa fundi saa. Wiki tatu zilizopita alipata kiharusi kwenye nusu ya kulia ya ubongo, na leo asubuhi amenyoa ndevu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Shavu la kulia limetoka safi. La kushoto hata sabuni haikufika. Nikamshikia kioo: "Mzee, umemaliza?" Akajitazama vizuri, akapitisha kiganja kwenye shavu la kulia, akasema, "Nimemaliza, mwanangu. Ahsante."

Kwenye faili lake ukurasa mmoja umeandikwa "hana ushirikiano", mwingine umeandikwa "jicho la kushoto halioni". Nilimfunika jicho la kulia nikamwonyesha kidole kimoja kimoja. Jicho la kushoto linaona. Na ushirikiano anao, maana kila ninalomwomba analifanya. Analifanya nusu tu, na hajui kwamba ni nusu.

Hali hii wengi huiita "kupuuza upande". Silipendi neno hilo, kwa sababu mtu anayepuuza amekwisha kuona, kisha akaamua kuacha. Huyu hakuamua lolote. Katika shajara hii nitasema *kupotewa na upande*. Hutokea zaidi baada ya jeraha la nusu ya kulia ya ubongo, hasa pale mshipa mkubwa wa kati unapoziba, na upande unaopotea ni wa kushoto. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ubongo wa kulia huangalia pande zote mbili, ilhali wa kushoto hushughulika zaidi na upande wa kulia. Ukiumia wa kushoto, wa kulia unaweza kufidia. Ukiumia wa kulia, upande wa kushoto unabaki bila mlinzi.

Lengo la mradi ni kutengeneza seti ndogo ya majaribio ya karatasi yatakayofanyika kitandani ndani ya dakika 20, yasiyohitaji mgonjwa ajue kusoma, na ambayo muuguzi yeyote anaweza kujifunza kwa mchana mmoja. Seti zilizopo ni nzuri. Inayojulikana sana, BIT (Behavioural Inattention Test) ya mwaka 1987, inauzwa na hairuhusiwi kutolewa kopi ovyo. Kwa hiyo tunachukua kanuni zake na kuchora za kwetu. Ninaandika kila hatua ili mwenye nia kama hii asirudie makosa yetu.

15 Januari. Karatasi ya kwanza: funguo

Njia ya zamani na rahisi kuliko zote ni kukata alama. Mwaka 1973 Martin Albert alichapisha jaribio la mistari mifupi 40 iliyotawanywa kwenye karatasi. Mgonjwa anapitia na kukata kila mstari. Linafanya kazi, lakini halina picha za kuchanganya, na mgonjwa mwenye tatizo dogo hulipita. Jaribio la kengele la mwaka 1989 ni gumu zaidi: kengele 35 zimefichwa katikati ya picha nyingine nyingi, na mpimaji huandika mpangilio ambao mgonjwa anazizungushia. Mpangilio huo nimeupenda, nitaurudia.

Herufi tumeziacha tangu mwanzo. Mgonjwa asiyejua kusoma akishindwa karatasi ya herufi, umepima shule yake.

Nimechora ufunguo uwe shabaha. Kuna funguo 36, na picha 120 za kuchanganya: kijiko, kitana, mkasi, kalamu, zote za ukubwa mmoja na wino mmoja mweusi. Karatasi ya A4 imelazwa, na kichwani mwangu nimeigawa safu 6 za wima. Kila safu ina funguo 6 na picha 20. Mgonjwa haoni mipaka ya safu. Gharama mpaka sasa ni jioni nne.

29 Januari. Karatasi yenyewe ilikuwa na ugonjwa

Kabla ya kumgusa mgonjwa niliwapa karatasi watu 24 wazima, yaani wasio na ugonjwa wa ubongo: wafanyakazi wenzangu, na ndugu waliokuja kuwaona wagonjwa wao wakakubali kusaidia. Wengi walimaliza ndani ya dakika tatu. Nilipohesabu nikashtuka. Waliokosa funguo mbili au tatu, karibu wote walikosea safu ya pili kutoka kushoto. Watu wazima, ubongo mzima, na karatasi yangu ilikuwa inawapa dalili za kiharusi!

Nilikaa na karatasi usiku ule mpaka nikaona. Idadi ya picha kwa safu ilikuwa sawa, lakini nilizitawanya kwa jicho. Katika safu ya pili vijiko vilisongamana, na funguo mbili zilikuwa zimebanwa na mkasi kila upande. Upande wa kulia kulikuwa na hewa. Jaribio linalolinganisha kushoto na kulia haliwezi kuwa na kushoto kugumu kuliko kulia. Jambo hili liko wazi likishasemwa, nami sikulifikiria.

Jaribio la kwanza la kurekebisha: nilichora nusu ya kulia vizuri, nikaigeuza kwa kompyuta kama kwenye kioo na kuiweka kushoto. Likashindikana. Funguo za kushoto zikawa zimeelekea upande wa pili, meno yake yakitazama ukingo, na watu wakasema zinaonekana "za ajabu". Jaribio la pili ndilo lililosimama: *mahali* pa kila picha panageuzwa, picha yenyewe haigeuzwi. Kila ufunguo ulioko sentimita 4 kulia kwa mstari wa katikati una mwenzake sentimita 4 kushoto, na zote zimeelekea upande mmoja. Nikarudia na watu 24 wengine. Makosa yakawa machache na yametawanyika bila upande.

Ukinakili kazi hii, usiruke hatua ya watu wazima. Imetugharimu wiki mbili, na bila hizo tungekuwa tunawaandikia watu ugonjwa uliotoka kwenye meza yangu.

11 Februari. Mashine ya fotokopi

Wagonjwa sita wa kwanza wamepimwa. Wanne wamekosa funguo mbili zile zile za ukingoni kabisa kushoto. Nilianza kufurahi kwamba karatasi inakamata hata tatizo dogo. Muuguzi mmoja akaniuliza, "Lakini hizo funguo ziko wapi?" Hazikuwepo. Mashine ilikuwa imekata karibu sentimita moja ya ukingo wa kushoto.

Ilibidi nirudi kwenye fomu zote sita nihesabu upya. Watatu kati yao walikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani, na mmoja alikuwa ameelezwa yeye na mkewe kwamba ana upungufu mdogo upande wa kushoto. Nimempigia simu mkewe leo nikamweleza ukweli na kuomba radhi. Alipokea vizuri. Mimi bado linanisumbua.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, kila karatasi sasa ina fremu nyembamba pande zote. Upande mmoja wa fremu ukikosekana, karatasi inachanwa. Pili, chini kabisa nimechora mstari wa sentimita 10 hasa, na fomu ya mpimaji ina sehemu ya kujaza: "Nimepima mstari kwa rula: ___". Printa hupenda kupunguza ukubwa bila kukuambia.

26 Februari. Nilikaa upande usiofaa

Sista wa zamu ya usiku na mimi tulimpima mgonjwa mmoja, mama mwenye jeraha la kulia, siku mbili mfululizo. Kwangu alipata funguo 19. Kwake alipata 29. Tukadhani amepata nafuu ya ghafla. Nikampima tena jioni ile ile: 20.

Tulilinganisha hatua kwa hatua. Maneno yalikuwa yale yale, karatasi ile ile. Tofauti ni kiti. Mimi nilikaa kulia kwa kitanda, maana ndiko nafasi ilipo na kushoto kuna ukuta. Sista alijibana kati ya kitanda na ukuta, kwa hiyo sauti yake, mkono wake na kalamu yake vyote vilitokea kushoto. Mgonjwa wa namna hii huvutwa na chochote kilicho kulia, hata uso wa mpimaji. Mimi nilikuwa namvuta kulia, Sista anamvuta kushoto, na karatasi ikapima viti vyetu.

Jambo la pili tuliloligundua siku hiyo ni kwamba mama yule, kila alipoanza, alisukuma karatasi kidogo upande wa kulia. Baada ya dakika moja nusu ya kushoto ya karatasi ilikuwa mbele ya kidevu chake, si kushoto tena.

Sasa sheria ni hizi. Mgonjwa aketi wima, ikiwezekana kitini. Katikati ya karatasi pakabili mfupa wa kidari. Pembe nne zibandikwe mezani kwa gundi ya karatasi. Mpimaji akae mbele ya mgonjwa, katikati, na akiisha kutoa maelezo anyamaze, mikono mapajani. Kichwa na macho ya mgonjwa viachwe vizunguke vitakavyo. Tunapima anakokwenda mwenyewe.

14 Machi. Kuhesabu hakutoshi

Wagonjwa wawili wiki hii, wote wamepata funguo 17 kati ya 36. Ukiangalia namba wanalingana. Ukiangalia karatasi ni watu wawili tofauti kabisa: mmoja funguo zake zote zimerundikana kulia, mwingine zimetapakaa kama mbegu zilizorushwa kwa mkono. Wa pili amechoka na akili haitulii. Hajapotewa na upande wowote.

Mwaka 2010 Rorden na Karnath walipendekeza kupima *mahali* pa wastani pa alama zilizopatikana, na kwa karatasi yenye safu hesabu inafanyika kwa kalamu. Safu zetu sita kutoka kushoto nimezipa thamani hizi: −1, −0.6, −0.2, 0.2, 0.6, 1. Mgonjwa wa kwanza alipata 6 safu ya mwisho, 6 safu ya tano, 4 safu ya nne na 1 safu ya tatu. Hiyo ni 6 + 3.6 + 0.8 − 0.2 = 10.2. Gawa kwa 17, unapata 0.6. Wa pili ametoka na 0.02. Karibu na sifuri, hakuna upande uliopotea. Inavyokaribia 1, ndivyo kushoto kunavyozidi kutoweka.

Tumeongeza pia karatasi ya mpimaji yenye funguo zile zile, ambayo unaandika namba kwa mpangilio: ufunguo wa kwanza aliougusa, wa pili, wa tatu. Mzee fundi saa sasa anapata 33 na wastani wake uko karibu na sifuri. Kwa namba amepona. Lakini alianzia pembe ya juu kulia, akarudi kushoto mwishoni kabisa baada ya kusita kwa muda mrefu kalamu ikiwa hewani. Watu wanaosoma kutoka kushoto wakiwa wazima huanzia kushoto karibu wote. Angalizo moja muhimu: muulize kwanza mgonjwa amezoea kusoma maandishi gani. Aliyekulia kwenye kusoma Kiarabu anaweza kuanzia kulia na ubongo wake hauna kasoro yoyote. Swali hilo sasa liko juu ya fomu.

2 Aprili. Upofu wa nusu, na mstari wa sentimita 20

Hapa ndipo tuliposhindana zaidi. Mwalimu mstaafu aliletwa kwetu kwa kuwa "amepotewa na kushoto". Tulipompima kwa vidole, kweli hakuona kidole chochote upande wa kushoto, kwa macho yote mawili. Mwenzangu akaona kesi imekwisha. Tukampa karatasi ya funguo. Mwalimu akaishika meza, akageuza kichwa chote kushoto mpaka kidevu kikagusa bega, akaanza ukingoni, akakata funguo 36 bila kubakisha. Ilimchukua muda mrefu, kwa utulivu wa mtu anayesahihisha madaftari.

Mwalimu ana upofu wa nusu ya uwanja wa kuona. Njia ya macho ndani ya ubongo imekatika, na yeye *anajua* kwamba kuna upande haoni, kwa hiyo anautafuta. Aliyepotewa na upande hautafuti, kwa sababu kwake hakuna kinachokosekana.

Kuutenganisha ugonjwa mmoja na mwingine tumeongeza mstari. Mlalo, sentimita 20, katikati ya karatasi tupu. Mgonjwa aweke alama katikati. Waliopotewa na kushoto huweka alama kulia sana, kana kwamba mstari umeanzia pale wanapouona. Mwalimu aliweka *kushoto* kidogo, upande ule ule asiouona, na ndivyo ilivyo kawaida kwa upofu wa nusu. Hata watu wazima hukosea kidogo kwenda kushoto, jambo lililoandikwa tangu 1980, kwa hiyo milimita chache za kushoto zisikutishe.

Kosa letu hapa: awali tulitumia mistari ya sentimita 5 ili karatasi moja ibebe mingi. Haikutuonyesha kitu. Kosa la mgonjwa hukua pamoja na urefu wa mstari, na kwenye mistari mifupi sana alama inaweza hata kuvukia upande wa pili. Mrefu, mmoja kwa karatasi, mara sita.

Mwenzangu bado alishikilia kwamba mwisho wa yote ni macho. Nikamsimulia kazi ya Bisiach na Luzzatti ya mwaka 1978 huko Milan. Waliwaomba wagonjwa wawili wafikirie uwanja wa Kanisa Kuu la mji wao, wakiwa wamesimama upande mmoja wakilitazama kanisa. Wagonjwa wakataja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaombwa wafikirie wamesimama upande wa kanisa wakitazama walikotoka. Sasa wakataja yale yale waliyoyaacha, na yale waliyokuwa wameyataja yakapotea. Hakuna jicho lililotumika. Mwenzangu alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ni ramani iliyo ndani." Ndiyo. Na wako wenye yote mawili, upofu wa nusu na ramani iliyokatwa. Hao ndio wagumu, na kwao fomu ina nafasi ya kuandika "haijulikani, rudia".

Kwa vidole pia tumeongeza hatua moja. Baada ya kidole kimoja kimoja, inua viwili kwa pamoja, kulia na kushoto. Fundi saa huona cha kushoto kikiwa peke yake. Vikija viwili, cha kushoto huzimika. Kwa nini sikufanya hivyo tarehe 8 Januari? Nilikuwa sijui kwamba hatua hiyo haichukui hata nusu dakika.

23 Aprili. Bibi na maduara

Bibi mmoja amekata funguo zote, kushoto na kulia. Mstari ameugawa vizuri. Nikataka kumwandika mzima, lakini binti yake akasema anapofunga vifungo vya gauni anaacha nusu ya kila kifungo nje ya tundu lake.

Kuna aina ya pili. Mmoja hupoteza kushoto kwa mwili wake, yaani nusu ya karatasi. Mwingine hupoteza kushoto kwa *kila kitu*, popote kilipo. Jaribio la kuzitenganisha liliandikwa na Ota na wenzake mwaka 2001, na kanuni yake ni nyepesi: maduara kamili, maduara yenye pengo kushoto, na maduara yenye pengo kulia, yamechanganywa. Mgonjwa azungushie yaliyo kamili na akate yenye pengo.

Tulichora maduara 60, ishirini ya kila aina. Bibi alipitia ukurasa mzima, hakuacha duara hata moja. Yenye pengo la kulia aliyakata bila kusita. Yenye pengo la kushoto aliyazungushia karibu yote kama kamili, hata yale ya ukingo wa kulia kabisa wa karatasi. Nilimwonyesha moja kwa ncha ya kalamu: "Bibi, na hili?" Akalizunguka kwa kidole, polepole, kuanzia juu kulia, akashuka, akafika kwenye pengo, kidole kikaruka hewani kikaunganisha. "Zima hili, mjukuu wangu."

Toleo la kwanza la karatasi hii lilikuwa na pengo dogo mno, na wagonjwa wenye macho hafifu walishindwa pande zote mbili. Pengo sasa ni robo ya duara. Na kama kawaida: mpe mtu miwani yake kabla ya kuanza. Mara mbili tumesahau.

15 Mei. Aliyefaulu kila karatasi

Fundi saa ameanza kutembea na kiti cha magurudumu. Funguo 36. Mstari, milimita 4 tu kulia. Maduara sawa. Nikaandika kwamba hana tena tatizo. Jumatatu alijigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Jumatano tena, mlango ule ule, akachubuka mkono.

Nilifuatana naye. Kwenye ukumbi mtupu alipita katikati vizuri. Mhudumu alipomsalimia kutoka kulia, akamgeukia kumjibu huku gurudumu likiendelea, na kushoto kukapotea papo hapo. Karatasi humpa mtu kazi moja, kimya, bila haraka, na mtu mwenye akili kama yake hujifunza kujilazimisha: "anza kushoto, anza kushoto." Nje ya karatasi hakuna anayemkumbusha, na akili inahitajika kwingine.

Tumeongeza vitu viwili. Cha kwanza, karatasi ya funguo inarudiwa huku mgonjwa akihesabu kwa sauti kurudi nyuma kutoka 100, mbili mbili. Fundi saa alishuka kutoka 36 hadi 27, na tisa zote zilizopotea zilikuwa kushoto. Tumewajaribu hivyo watu wazima kumi: wanachelewa, lakini hawapotezi upande.

Cha pili ni kipimo cha Catherine Bergego, ambacho hakina karatasi ya mgonjwa kabisa. Ni mambo 10 ya kila siku yanayoangaliwa na mtu anayekaa naye: anaosha au kunyoa upande wa kushoto wa uso? Anavaa mkono wa kushoto wa shati? Anakula upande wa kushoto wa sahani? Anageuka akiitwa kutoka kushoto? Anajigonga? Kila jambo hupewa 0 (hakuna tatizo) hadi 3 (tatizo kubwa), jumla 30. Mgonjwa naye anajibu maswali yale yale kuhusu nafsi yake, na tofauti ya jumla mbili inakuonyesha kiasi gani hajui hali yake. Muuguzi wa fundi saa alimpa 13. Mwenyewe alijipa 2, akaeleza kwamba mlango ule ni mwembamba.

Nilijaza vibaya fomu tatu za mwanzo kwa sababu nilizijaza mwenyewe kwa kuuliza maswali. Lazima ajaze aliyeona. Na pale ambapo hajaona, kwa mfano mgonjwa bado anavalishwa, aache wazi, asikisie.

Nimefuta sentensi yangu kwenye faili na kuandika mpya.

6 Juni. Mwili wenyewe

Kifupi. Kuna wanaoiona karatasi yote na chumba chote, lakini wamepoteza nusu ya mwili wao. Jaribio la kitana na wembe huwapa sekunde 30 kila kifaa, ukahesabu mara ngapi mkono unakwenda kulia na kushoto. Kwetu kitana hakikufaa kwa wengi, wengine hawana nywele, wengine wamejifunga vitambaa. Tunatumia kitambaa kikavu cha kufuta uso, sekunde zile zile 30.

Lingine, ambalo wauguzi wamelipenda: vipande 24 vyepesi vinabandikwa kwenye nguo mbele ya mwili, mgonjwa akiwa amefungwa macho, kisha anavitafuta na kuvitoa kwa mkono mzima. Tulianza kwa kubandika mbele ya macho yake, na matokeo hayakuwa na maana, kwa kuwa alikumbuka mahali. Pia tulibandika kwa kukandamiza, na mgonjwa akahisi kila kimoja. Kibandike kwa upole, huku unazungumza naye mambo mengine.

27 Juni. Wanaikariri

Mgonjwa aliyepimwa mara tano amezoea karatasi. Tumetengeneza matoleo manne: la kwanza, la pili ambalo mahali pa picha pamegeuzwa juu chini, la tatu na la nne ambamo funguo zimebadilishana nafasi na vijiko. Kulia na kushoto vinabaki sawa katika yote. Kila toleo limepita tena kwa watu wazima. Mwezi mzima umekwenda hapo, na sidhani kuna njia ya mkato.

Na tusipime asubuhi siku moja na jioni siku nyingine. Uchovu huirudisha hali hii haraka sana. Saa ya kupimia sasa inaandikwa.

18 Julai. Bahasha

Ndani ya kila bahasha kuna karatasi ya funguo, mistari sita, maduara, fomu ya mpimaji yenye hesabu ya safu, kipimo cha mambo 10 kwa nakala mbili, rula, gundi ya karatasi, na ukurasa mmoja wa maelekezo. Jumla ya muda ni dakika 25, tano zaidi ya tulivyoahidi; kuhesabu kurudi nyuma ndiko kulikozidisha, na hatua hiyo sitaiondoa.

Bado sina jaribio zuri la vitu vya mbali. Wako wanaogawa mstari vibaya mezani lakini vizuri ukutani, na wengine kinyume chake. Nimejaribu mkanda mweupe ukutani na mwanga wa tochi, ila mkono wa mgonjwa unatetemeka na alama haisomeki. Nitaandika likikaa sawa.

Fundi saa alirudi leo kuangaliwa. Mkewe amembandikia utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa kioo cha kunyolea, na yeye huanza kwa kuutafuta. Mashavu yote mawili yalikuwa safi, na chini ya sikio la kushoto palikuwa na alama ndogo ya kujikata.

Jioni nimekuta mezani fomu ya mgonjwa ambaye sijawahi kumwona, imejazwa na Sista wa usiku peke yake. Juu ameandika: husoma Kiarabu. Chini: mstari wa rula sentimita 10, sawa. Katikati, namba ndogo ndogo zinaanzia safu ya sita, zinashuka, zinarudi, na kwenye safu ya tatu zinakoma. Pembeni kaongeza kwa kalamu nyingine: "Kuanzia kulia ni mazoea yake. Kukomea katikati siyo."